Binti anataka bluzi nyeupe: shule gani ya afya hapa Lubumbashi haitanifilisi?

MamaKapenta

Jambo kwenu wote. Mimi nauza kapenta (dagaa) na samaki wa kukausha kwenye soko la Kenya (komini yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi), kwa hiyo nikikosea majina ya shule mnisamehe. Nimezoea mizani.

Binti yangu wa pili amepata Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, 61%, seksyo ya biokimi. Tulimmwagia poda mpaka mbuzi wa jirani akawa mweupe. Sasa poda imefutika, swali limebaki: aende wapi? Anataka kazi ya hospitali, ila udaktari hataki, amehesabu miaka akaona atazeekea darasani. Anasema labo, au zile picha za mionzi, au kine, ile ya kunyoosha viungo. Mtu wa bluzi nyeupe, lile koti la hospitali, akipita njiani anageuka kumtazama, kama vijana wengine wanavyotazama pikipiki mpya.

Nina dola 520 za likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana, nilipokea mwezi uliopita, na kila mwezi naweza kutoa 40, mwezi ukiwa mzuri 50. Baba yake yuko Kolwezi, mwaka wa pili huu hajatuma kitu, basi tusimhesabu.

Karibu na kwetu Katuba wameweka kibao: mafunzo ya afya, miezi 9, diploma ya kimataifa, stazi (mazoezi ya hospitalini) ipo. Nikaingia kuuliza. Kijana mmoja wa kravati akanipokea vizuri, akanipa na kiti. Kuandikisha ni dola 75, hazirudi, halafu 40 kwa mwezi. Nikamuuliza, mtoto atatoka ni nani? Akasema atatoka anajua labo, uuguzi na famasi, vyote pamoja. Miezi 9! Mimi kujua kapenta ya Mpulungu na ya Kasenga kwa kunusa tu ilinichukua zaidi ya hapo.

Shemeji naye anasema nimpeleke Ndola, Zambia. Wengine wanasema ISTM. Mwingine kaniambia aanzie A2. Hizo A2, A1, A0 zinanichanganya. Yule wa kravati amenipa mpaka tarehe 15, baada ya hapo nafasi zimejaa. Naomba mtu anayejua anieleze polepole.

Papa_Labo

Mama Kapenta, jambo. Hizo 75 zibaki kwanza ndani ya kitenge, pale ulipozifunga.

Mimi ni laborantini, huu ni mwaka wa 22, niko poliklini moja hapo hapo Katuba. Nianze na hizo herufi maana ndipo wazazi wanapoibiwa. A2 ni ngazi ya sekondari. Mtoto anamaliza mwaka wa 8, anaingia ITM, shule ya sekondari ya tiba, anasoma miaka 4, anatoka ni infirmye (muuguzi) A2. Kuna ITM zenye seksyo za ukunga, za labo, na za usaidizi wa famasi. ITM ziko chini ya Wizara ya Afya, na mwishoni kuna mtihani wa juri ya taifa. A1 ni baada ya Exetat: ISTM, chuo cha juu cha mafunzo ya tiba, miaka 3. Zamani tuliita graduat, ukitaka unaongeza miaka 2 ya lisansi unakuwa A0. Siku hizi mfumo mpya wa vyuo, LMD, umeingia na ile miaka 3 yenyewe ndiyo inaitwa lisansi, ila kazini watu bado wanasema A1 kwa mazoea. ISTM iko chini ya ESU, wizara ya elimu ya juu. Kwa hiyo hizi ni wizara 2 tofauti, na mtu akikuambia shule yake iko chini ya "wizara" tu, muulize ipi.

Binti yako ana Exetat mkononi, sioni kwa nini arudi A2. Na hiyo ngazi ya miezi 9 inayochanganya labo, uuguzi na famasi, haimo humo. Siku atakapopeleka hiyo karatasi kwenye hospitali ya Serikali, mtu wa ofisi ya wafanyakazi atatafuta aiandike kwenye safu gani, atakosa, atamrudishia.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka wangu wa kwanza ulikwenda na maji. Baba aliuza baiskeli pamoja na mabati 12 aliyokuwa amewekea nyumba, tukalipa kwa taasisi moja, jina naliacha, mwenyewe alishakufa. Kibao chao kilikuwa kikubwa kuliko darasa. Tulikuwa wanafunzi 64 na mikroskopi 1, na hiyo 1 ilikaa kwenye kabati la mkurugenzi, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama redio ya mahari. Sisi tulichora vimelea vya malaria kwa kalamu za rangi. Nilikuwa nachora vizuri sana! Mwisho wa mwaka wakatuambia arete ya waziri, karatasi ya kuruhusu shule, iko njiani inatoka Kinshasa. Labda bado iko njiani.

Nikaanza upya ISTM, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote. Stazi ya kwanza hospitalini, mzee mmoja wa labo akaniwekea kioo cha GE, lile tone nene la damu tunalotafutia malaria. Nikatazama, nikazungusha, nikasema: hasi. Akaniuliza nimesoma mashamba mangapi. Shamba tunaita ile duara unayoona ukitazama mara moja. Ukisogeza kioo kidogo unaingia shamba lingine. Nilikuwa nimetazama labda 8. Akasema, "Hasi inaanza baada ya 100."

Halafu akatoa makopo 2 ya maziwa na mfuko wa maharage. Haragwe jeupe kwa kila chembe nyeupe ya damu, jekundu kwa kila kimelea. Jicho lisitoke kwenye mikroskopi, mkono ndio utie haragwe koponi. Ukifika meupe 200 na mekundu ni mengi, simama. Yakiwa machache, endelea mpaka meupe 500. Nilifika 500, mgongo unauma, jicho linatoa machozi. Mekundu yalikuwa 5. Unazidisha 5 kwa 8000, unagawanya kwa 500, unapata vimelea 80 kwa mikrolita moja ya damu. Ni vichache, ndiyo, lakini ni vya mtoto wa miaka 4 aliyekuwa benchi la nje anatapika kwenye kanga ya mama yake, na mimi nilikuwa nimeshaandika hasi kwa kalamu ya wino.

Kwa hiyo ukienda kuandikisha, mama, uliza mtoto atashika mikroskopi mwezi wa ngapi. Ziko ngapi, kwa wanafunzi wangapi. Omba uzione, na uone kama balbu inawaka. Uliza stazi ni hospitali gani, na kama kuna mkataba uliosainiwa na hiyo hospitali au ni ahadi ya mdomo. Na arete usikubali kusimuliwa. Ishike, soma namba, tarehe, jina la shule, halafu seksyo. Hapo kwenye seksyo ndipo ujanja ulipo: shule inaweza kuwa na ruhusa ya uuguzi, ikapachika labo juu yake bila ruhusa. Kwa ITM, nenda kwenye Diviziyo ya Afya ya jimbo, DPS, wanajua zao. Kwa vyuo vya juu, ESU inatambua au haitambui, hakuna katikati.

Sasa pesa. Bei ya mlangoni bado si bei. Kuna minervali, yaani ada ya masomo, ambayo kwa kawaida unalipa kwa awamu, halafu kuna kuandikisha, bluzi 2 (moja haitoshi, utaona), viatu vya kufunga, silabi (maandishi ya walimu), ada ya stazi, kitabu cha stazi, na mwaka wa mwisho kuna kazi ya kuandika: kuchapa, kujalidi, na nakala za walimu. Mdogo wangu wa mwisho nilimsomesha mimi, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Kwa kila dola 10 za minervali, zilitoka 6 nyingine kwa hayo mambo madogo madogo. Kisha bisi: mbili kwenda, mbili kurudi, siku 6 kwa juma. Kwa hiyo ukisikia minervali, ongeza nusu na zaidi ndipo uulize kama utaweza.

A2_wa_Likasi

Mama, jambo sana. Miye ni infirmye A2, nilimalizia ku Likasi. Batu banazarau A2, lakini ukienda ku ma santre za ku mugini, paka siye njo tuko. Niliisha zalisha bamama 11 na tochi ya telefone mu meno. Papa Labo anasema kweli juu ya mutoto wako, mwenye Exetat aende A1. Lakini kama kuko mwingine mu nyumba eko mwaka wa 8, asimuache: ITM ya muzuri ni miaka 4 na anatoka na kazi mu mikono. Alafu kama ni uuguzi, asisahau Ordre ya ba infirmye, iko na sheria yake tangu 2016. Bila kuandikishwa kule utapata matatizo.

Prefe_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Papa Labo ameeleza vizuri, ila ukimsoma haraka utadhani kila shule ya binafsi ni ya wezi. Nimeongoza shule miaka 17, ya kanisa, na sisi tulikuwa na mikroskopi 9 kwa wanafunzi 40. Shule nyingi za makanisa zina hospitali zao wenyewe, kwa hiyo stazi haziombwi wala hazinunuliwi, mtoto anavuka ua tu.

Na ukweli mwingine usemwe. Mwaka wa kwanza wa chuo cha Serikali, oditwari, ule ukumbi wa masomo, inajaa mpaka watu wanaandika wamesimama dirishani. Mtoto asiyejua kupigania nafasi atasikia sauti ya profesa kama redio ya jirani. Bei ni ndogo, ndiyo, lakini mwanafunzi akirudia mwaka, bei ndogo imekuwa mara 2. Mama, umtazame mtoto wako mwenyewe. Ni wa kusukuma au ni wa kusukumwa?

Papa_Labo

Prefe, nakubali hilo la makanisa, na hilo la kurudia mwaka sikulisema, nimekosea. Mikroskopi 9 kwa wanafunzi 40 ni utajiri. Ila uliongoza shule yenye arete. Mimi nalia na zile za kibao.

Kine_Kamalondo

Mbona kine hamuisemi? Darasani kwetu tulikuwa 14 tu. Mtu aliyepooza upande mmoja anahitaji miezi, na familia inakuita nyumbani, inalipa kwa juma. Mikono yangu ndiyo mashine, umeme ukikatika naendelea.

MamaKapenta

Asanteni jamani. Prefe, huyu wangu ni wa kusukuma. Siku ya foleni ya maji hakuna anayempita.

Sasa nisaidieni hapa. Mjomba wake yuko Marekani, Des Moines, jimbo la Iowa. Jana alipiga, akasema kule mtu anasoma wiki chache tu, anakuwa msaidizi hospitalini, analipwa. Binti amesikia, usiku mzima hakulala. Ananiambia, mama, kumbe yule wa kravati hakudanganya, hata Marekani ni miezi. Nimjibu nini?

Ndugu_wa_Iowa

Mama, hayo najibu mimi maana ndiyo maisha yangu. Niliondoka Lubumbashi nikiwa infirmye A1, hapa nilianza kwa kubadilisha shuka za wazee. Mjomba hasemi uongo, ila anasema nusu.

Hiyo kazi ya wiki chache inaitwa CNA. Ni kumwogesha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, kupima joto na presha. Sheria ya nchi nzima inataka saa 75 za mafunzo angalau, na 16 kati ya hizo ziwe za mikono chini ya mwalimu, halafu mtihani. Majimbo mengine yanadai saa zaidi. Na nyumba ya wazee inayopokea pesa za Serikali ikishakuajiri hairuhusiwi kukutoza hayo mafunzo. Mimi sikulipa hata dola moja. Mwenzangu wa kutoka Uvira alitoa mamia ya dola kwa shule ya mtaani kabla hajajua hilo. Ukiajiriwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kujilipia, kuna njia ya kurudishiwa, yeye alichelewa.

Msaidizi wa kliniki ni kazi nyingine tena: anapokea mgonjwa, anatoa damu, anapiga sindano, anajaza mafaili. Huyo husoma muda mrefu kuliko CNA, mwaka hivi, na hapa pia wezi wa kibao wako, tena wana matangazo ya televisheni. Dada mmoja wa kanisani kwetu amebaki na deni la shule binafsi, na cheti chake hakikumruhusu kufanya mtihani aliotaka. Tunachoangalia hapa ni herufi: programu iwe imetambuliwa na CAAHEP au ABHES. Koleji ya umma ya mji inafundisha kitu kile kile kwa bei ya chini sana. Kwa hiyo mama, hata huku arete inaulizwa, ina jina lingine tu.

Lakini saa 75 za Iowa ni za kazi ya Iowa. Ukizileta Katuba hazina safu ya kuandikwa, kama alivyosema Papa Labo.

Na kitu kimoja mwambie binti, kama ana ndoto ya kuja huku siku moja. Nilipotaka kurudi kwenye uuguzi, wale wanaokagua diploma za kigeni, CGFNS, hawakutaka nakala yangu mimi. Walitaka chuo chenyewe kitume alama zangu moja kwa moja kwao. Nilipiga simu Lubumbashi kwa miezi, binamu yangu akawa anakwenda kukaa kwenye benchi la sekretarieti kila Jumatatu. Faili lilikuwapo, limeliwa na panya pembeni tu, lakini lilikuwapo, na muhuri ukapigwa. Shule iliyokufa haitumi bahasha.

MamaKapenta

Narudi kutoa habari.

Jumanne niliacha meza kwa mwenzangu wa chumvi, nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda na binti kwa yule wa kravati. Nikamwambia, mwanangu, kabla sijatoa 75 nataka kuona mikroskopi. Akacheka vizuri tu. Akasema ziko za kisasa, zimeagizwa. Nikasema nataka kuona hata ya zamani. Akasema iko kabatini, na ufunguo anao mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini. Binti yangu alikuwa bado anamwamini, nawaambia ukweli, mpaka hapo kwenye kabati. Nikamwona anageuza uso ananitazama. Nilikuwa nimemsomea yale ya Papa Labo usiku, na kile kitambaa cha kutarizi tulikicheka sana.

Nikaomba arete. Akatoa fotokopi ndani ya plastiki. Mimi Kifaransa changu ni cha kuhesabu pesa, binti akasoma. Ilikuwa na muhuri na namba, ila ni karatasi ya kuandikisha shirika lisilo la faida. Shule haikutajwa popote, labo wala uuguzi haumo. Nikamshukuru. Nikamwambia nitarudi. Akanikumbusha tarehe 15.

Alhamisi tukaenda kuuliza kwenye chuo cha Serikali, na Ijumaa kwa masista ambao mwenzangu wa kanisani alinielekeza. Kwa masista kweli kuna mikroskopi, nilihesabu 7 mezani, binti akatazama ndani ya moja, akaona vumbi lake mwenyewe la kidole limekuwa kama mlima. Lakini bei yao, nikiongeza ile nusu na zaidi ya Papa Labo, inanivuka mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza naweza. Wa pili sioni. Nikamweleza sista anayeshika pesa bila kuficha, akasema kuna wanafunzi wanaofanya kazi ya usafi wa labo mchana wakapunguziwa, lakini haahidi.

Kwa Serikali naweza miaka yote 3 kama kapenta haitupi matata, na kama hatarudia. Awamu ya kwanza iko ndani ya zile 520 na inabaki ya bluzi. Oditwari tumeiona, Prefe, ni kama ulivyosema, hata dirishani palikuwa pameandikwa majina ya watu kwa makaa, kila mtu na nafasi yake. Binti akatazama, akaniambia, mama, nitakuwa nafika saa 11 alfajiri. Nimeona tutaanzia hapo. Labo.

Swali langu la mwisho ni kwa Papa Labo. Masomo yataanza baada ya miezi 2 hivi. Hii miezi 2 akae anauza kapenta na mimi, au kuna kitu anaweza kuanza kujifunza? Kuna mtu amemtumia masomo ya bure ya OMS (Shirika la Afya Duniani) kwenye intaneti, yanafaa?

Papa_Labo

Mama, umefanya kazi ya inspekta, na hukulipwa.

Masomo ya OMS afuate, ni ya bure kweli na ni mazuri, hasa ya usafi wa mikono na ya kujikinga. Asiyaite diploma tu. Kama ana nafasi, ajifunze na kompyuta, INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi, wanafundisha, maana labo nyingi sasa matokeo yanaingizwa kwenye mashine na vijana wanachapa kwa kidole kimoja.

Na mwambie mapema hili, lisimkute ghafla kama lilivyonikuta: akimaliza, asitegemee kwamba Serikali itamlipa mwezi unaofuata. Wako wenzangu hospitalini miaka na miaka bila mshahara, wanakula primu ndogo inayotoka kwenye pesa za wagonjwa. Poliklini za binafsi na zahanati za migodi huko Kolwezi ndiko wengi wanakopatia. Na kwenye hizo poliklini atakutana na bosi atakayetaka kila mgonjwa mwenye homa apimwe Widal, kile kipimo cha taifodi, hata bila sababu, kwa kuwa inaingiza pesa. Hayo atayapigania akishakuwa mkubwa.

Kuuza kapenta nako asiache. Mtu anayejua kupima bila kuiba mizani nitamfundisha haraka.

Daktari wetu amekubali aje kutazama Jumamosi, kutazama tu, hatagusa damu ya mtu. Aje saa 2 asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa. Abebe maharage, kikombe cha meupe na kikombe cha mekundu, nitamwekea vioo vya zamani vya kufundishia. Viatu viwe vya kufunga. Na sandali labo hatuingii nazo, hata akija na bluzi nyeupe.

MamaKapenta

Atakuja. Mekundu ninayo, meupe nitaomba kwa mwenzangu wa chumvi. Viatu tunatafuta.